Miwani iliyobaki kwenye droo: uchambuzi wa kisa cha televisheni za 3D, 2010 hadi 2017

Tarehe 11 Juni 2010, dakika ya 55, Siphiwe Tshabalala alipokea pasi upande wa kushoto pale Soccer City, Johannesburg, akaachia shuti la mguu wa kushoto lililokwenda kujaa kwenye kona ya juu ya goli la Mexico. Aliyeliona bao lile hajalisahau. Wanaokumbuka kwamba uwanjani siku ile kulikuwa na kamera zilizofungwa mbilimbili, kama macho, ni wachache. Mechi hiyo ndiyo iliyofungua chaneli ya ESPN 3D nchini Marekani, na Sony ilikuwa imekubaliana na FIFA kurekodi hadi mechi 25 za Kombe lile la Dunia kwa 3D, yaani picha zinazoonekana kuwa na kina.

Miaka mitatu na ushei baadaye, mwishoni mwa Septemba 2013, ESPN iliizima chaneli hiyo. Sky ya Uingereza, iliyoanza mwaka huohuo wa 2010 kwa kuonyesha mpira wa 3D kwenye baa, ilifunga chaneli yake mwaka 2015. Samsung ikaacha mwaka 2016, na Januari 2017 LG na Sony, wakubwa wa mwisho waliokuwa wamebaki, wakaonyesha modeli za mwaka ule bila 3D. Kitu kilichopigiwa debe kana kwamba ni ujio wa rangi kwa mara ya pili kilidumu miaka saba.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu soko la burudani ya 3D linazungumzwa upya, na michoro inayosindikiza mazungumzo hayo ina mstari uleule unaopanda kuelekea kulia. Mwaka 2010 mstari ulipanda hivyohivyo. Anayetaka kujua soko hili linaelekea wapi atajifunza zaidi kwa kuuliza mstari wa kwanza ulikatika wapi, na jibu langu si lile la kawaida la “watu hawapendi miwani”. Televisheni ya 3D ilianguka kwa sababu watu walikuwa wamelipia 3D kama tukio, wakaja kuuziwa kama sifa ya kifaa.

Pesa zilipoonekana

Avatar ya James Cameron ilitoka Desemba 2009, ikakusanya zaidi ya dola bilioni 2.7 duniani katika mzunguko wake wa kwanza. Tiketi ya 3D ilikuwa ghali kuliko ya kawaida na watu waliilipia bila kunung’unika. Mwaka 2010 tiketi za 3D ziliingiza takriban dola bilioni 2.2 Marekani na Kanada, kama moja ya tano ya mapato yote ya sinema za huko. RealD, kampuni iliyokuwa ikikodisha teknolojia yake kwa majumba ya sinema, iliingia soko la hisa la New York Julai ya mwaka ule kwa dola 16 kwa hisa.

Tazama nani alibeba mzigo gani katika mpango ule. Jumba la sinema ndilo lililobadilisha projekta na kutundika skrini maalumu ya rangi ya fedha, inayorudisha mwanga bila kuvuruga mwelekeo wake. Miwani ilikuwa ya plastiki, nyepesi, isiyo na betri. Unapewa mlangoni, unairudisha ukitoka. Mtazamaji aliongeza dola chache juu ya tiketi na kukaa gizani saa mbili au tatu, jambo ambalo tayari alikuwa ameliamua alipofunga mlango wa nyumba yake. Usumbufu wa miwani ulimezwa na mtoko wenyewe.

Viwanda vya televisheni navyo vilikuwa na kilio chao. Katika miaka michache iliyotangulia kaya nyingi zilikuwa zimeachana na televisheni za chogo zikanunua za bapa. Aliyenunua bapa mwaka 2008 hakuwa na sababu ya kurudi dukani mwaka 2010, na bei zilikuwa zinaporomoka. Wakati huohuo paneli nyingi nzuri tayari ziliweza kubadilisha picha mara 120 kwa sekunde, uwezo uliowekwa kwa ajili ya kulainisha mwendo. Kutoka hapo kwenda 3D hakukuwa mbali: kifaa kidogo cha kutuma ishara kwenye miwani, programu, na jozi za miwani zenyewe. Kiwango cha Blu-ray 3D, diski za filamu za 3D za kutazamia nyumbani, kilikamilishwa Desemba 2009, mwezi uleule wa Avatar. Kila kitu kilikuwa mezani isipokuwa ombi la mnunuzi.

Wimbi lenyewe halikuwa la kwanza. Charles Wheatstone alieleza kifaa chake cha kutazamia picha mbili kwa macho mawili mwaka 1838. Na filamu iliyoanzisha homa ya 3D ya miaka ya 1950 iliitwa Bwana Devil, iliyotoka Novemba 1952. Naam, “bwana” huyohuyo wetu: ni kisa cha simba wala watu wa Tsavo wakati wa ujenzi wa reli, na matangazo yake yalimwahidi mtazamaji simba mapajani. Mwaka uliofuata ikaja House of Wax, iliyoongozwa na André de Toth, mtu mwenye jicho moja ambaye kamwe hangeweza kuona athari aliyokuwa akiitengeneza. Homa ile ilipoa ndani ya miaka miwili mitatu.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Avatar ilipigwa kwa kamera pacha tangu mwanzo; mara tu pesa zake zilipoonekana, studio zikaanza kuchukua filamu zilizokwisha kupigwa kwa kamera ya kawaida na kuzigeuza. Clash of the Titans ya Aprili 2010 iligeuzwa kwa wiki kumi hivi. Nywele zilielea mbali na vichwa, nyuso zikawa kama karatasi zilizokatwa na kupangwa, na bei ya tiketi ikawa ileile. Mtazamaji aliyetoka pale akiwa na kichwa kinachomgonga ndiye huyohuyo aliyekuwa akiombwa, miezi hiyohiyo, anunue televisheni ya 3D.

Sebuleni, miwani ikiwa usoni

Hebu tuketi kwenye kochi mwaka 2010. Mfumo uliotangulia kufika madukani ulikuwa wa miwani inayofunga na kufungua. Televisheni inaonyesha picha ya jicho la kushoto, kisha ya kulia, kwa zamu, mara 120 kwa sekunde; miwani inapokea ishara kutoka kwenye televisheni na kuziba jicho lisilohusika, kila jicho mara 60 kwa sekunde. Ina betri. Ina uzito unaousikia puani baada ya nusu saa. Jozi moja iliuzwa karibu dola 150, na miwani ya kampuni moja haikusoma ishara ya televisheni ya kampuni nyingine. Ndani ya boksi, ukibahatika, zilikuwamo jozi mbili.

Sasa nyumba ina watu watano. Wawili wanavaa. Wa tatu anatazama bila miwani na kuona kila kitu kina kivuli pembeni, kama mtu aliyepepesuka. Wa nne amelala ubavu kwenye kochi. Akiinamisha kichwa, picha mbili hazilingani tena na mlalo wa macho yake, na kwenye baadhi ya miwani skrini inaingia giza kabisa. Wa tano anatoka jikoni, anasimama mlangoni, anauliza televisheni imeharibika lini. Anayeangalia simu katikati ya kipindi anainua miwani, anasoma ujumbe, anaishusha, na ubongo wake unahitaji tena sekunde chache kuzishikanisha picha. Na kwa kuwa kila jicho limezibwa nusu ya muda, picha imepoteza zaidi ya nusu ya mwanga wake. Taa zinazimwa ili ionekane. Sebule imegeuzwa jumba la sinema kwa lazima, bila mtu kuwa ametoka.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha kisa. Watu huvaa miwani ya jua, huvaa visikilizio masikioni siku nzima, hawana shida na kuvaa vitu. Televisheni ya nyumbani, hata hivyo, hutazamwa kwa nusu ya akili: huku mtu anakunja nguo, huku mwingine anabishana, huku mtoto anapita mbele. Teknolojia iliyodai akili nzima, uso ulionyooka na taa zilizozimwa ililetwa mahali ambapo hakuna anayetoa hata kimoja kati ya hivyo kwa saa nzima.

LG ilijaribu kulitatua mwaka 2011 kwa miwani isiyo na betri, ya bei chee, kama ya sinema. Iliwezekana kwa kubandika juu ya skrini utando unaoelekeza mstari mmoja wa picha kwa jicho hili na unaofuata kwa jicho lile. Gharama yake ikawa kwamba kwenye skrini ya mistari 1080 kila jicho lilipata 540. Samsung na Panasonic hawakukawia kuitaja dosari hiyo, LG ikajibu kwa kutaja uzito na bei ya miwani yao, na mnunuzi aliyesimama dukani akisikiliza ugomvi huo alifanya alichofanya kila mtu mwenye busara: akasubiri. Agosti 2011 Panasonic, Samsung na Sony, pamoja na XpanD, watengenezaji wa miwani ya 3D, walikubaliana kutengeneza miwani ya aina moja. Ilikuwa hatua nzuri iliyokuja baada ya wengi kuwa wameshaona ya kwanza.

Diski iliyofungiwa kabatini

Kama ningepewa nafasi ya kutaja kosa moja tu la kibiashara katika kisa hiki, nisingetaja miwani kabisa. Ningetaja diski.

Mtu aliyenunua televisheni ya 3D mwishoni mwa 2010 alitaka kuona Avatar. Diski ya 3D ya Avatar ilikuwapo, imepigwa chapa, imefungashwa. Lakini kuanzia Desemba 2010 ilitolewa tu pamoja na bidhaa za Panasonic, na makubaliano hayo yakaendelea hadi Februari 2012. Ilifika kwenye rafu za kawaida Oktoba 2012. Aliyekuwa na Samsung au Sony aliikosa filamu iliyomfanya anunue, labda ainunue kwa walanguzi mtandaoni kwa mamia ya dola. Panasonic hawakuwa peke yao: Samsung walikuwa na mpango wa namna hiyo na DreamWorks kwa filamu zake za katuni.

Ukiitazama kampuni moja moja, hesabu inaeleweka. Filamu kubwa ni chambo. Anayeishika anamvuta mteja kutoka kwa jirani. Tatizo ni kwamba soko lenyewe lilikuwa bado halijasimama. Waligombea kipande cha mkate ambao haujaumuka. Mwenye televisheni alirudi nyumbani, akatazama ile katuni moja iliyokuja na boksi, akaitazama tena, kisha miwani ikaingia kwenye droo pamoja na rimoti za zamani. Droo ile haikufunguliwa tena.

Matangazo ya moja kwa moja yangeweza kuziba pengo hilo, na michezo ndiyo iliyotegemewa. Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo wauzaji hawakulitilia maanani. Macho ya binadamu yameachana kwa sentimita 6 na nusu hivi, na umbali huo mdogo ndio unaoupa ubongo picha mbili za kulinganisha. Kitu kikiwa mita 2 mbele yako, picha hizo zinatofautiana sana. Kikiwa mita 60, tofauti inakaribia kutoweka. Mpira wa miguu huonyeshwa kutoka juu jukwaani, mbali, ili uone safu ya mabeki na nafasi iliyoachwa wazi nyuma yao. Weka kamera pacha kule juu zikiwa zimeachana kama macho, na huoni kina chochote. Zitenganishe zaidi ili kina kirudi, na wachezaji wanakuwa wanasesere juu ya meza. Zishushe hadi kwenye kibendera cha kona na picha inakuwa ya ajabu, nyasi zinakujia, mpigaji kona yupo mkononi mwako, ila hujui nani yuko huru kwenye boksi.

Kwa hiyo mwongozaji wa 3D hakuweza kutumia mpangilio wa kamera wa matangazo ya kawaida. Alihitaji kamera zake, mahali pake, mara nyingi gari lake la matangazo na wafanyakazi wake. Gharama ilikaribia kuwa mara mbili kwa watazamaji ambao ni sehemu ndogo ya wale wa kawaida. BBC ilijaribu kwa dhati katika Olimpiki ya London 2012. Kati ya kaya milioni 1.5 hivi zilizokuwa na televisheni za 3D Uingereza, karibu nusu tu ndizo zilizotazama sherehe ya ufunguzi kwa 3D. Yaani watu waliokwisha kulipia kifaa, usiku wa tukio kubwa kuliko yote, nusu yao hawakujisumbua kutafuta miwani. Julai 2013 shirika hilo lilitangaza kusitisha 3D. Kwangu hiyo ndiyo takwimu nzito kuliko zote katika kisa hiki, kwa sababu haihusu bei. Bei ilikwisha kulipwa.

Macho nayo yalikuwa na malalamiko yake. Ukitazama kitu halisi kinachokusogelea, macho yako hufanya mambo mawili kwa pamoja: yanageuka kuelekeana, na lenzi zake zinabadilika ili kitu kionekane wazi. Kwenye skrini ya 3D macho yanageuka kufuata kitu kinachoelea mbele, ilhali lenzi lazima zibaki zimelenga kioo cha televisheni kilichosimama palepale. Ubongo unavuta kamba pande mbili. Ukiwa umekaa mbali, kama sinema, mvutano ni mdogo. Ukiwa mita 2 kutoka kwenye skrini, unakua. Aprili 2010 Samsung yenyewe ilitoa tahadhari ikiwataka wajawazito, wazee, wenye usingizi na waliokunywa pombe wasitazame 3D. Ukiwaondoa wachovu na walevi, sijui Ijumaa usiku unabaki na nani.

Kisha ikaja 4K, skrini zenye nukta nyingi zaidi na picha kali zaidi, ambayo haikudai chochote: huvai kitu, huzimi taa, hata aliyelala ubavu anafaidi. Watengenezaji walipopata sababu nyingine ya kuuza skrini mpya, hawakuwa na haja ya kuendelea kuibembeleza 3D.

Waliofanikiwa wakati huohuo

Kisa kingekuwa rahisi mno kama 3D ingeanguka kila mahali. Februari 2011 Nintendo ilizindua Japani mashine ya michezo ya 3DS, iliyoonyesha kina bila miwani. Mwanzo ulikuwa mbaya: Marekani iliuzwa karibu dola 250, na ndani ya miezi mitano bei ikashushwa hadi takriban dola 170. Lakini hadi inaachwa kutengenezwa mwaka 2020 zilikuwa zimeuzwa karibu milioni 76. Pembeni ya skrini kulikuwa na swichi ya kuteleza: unaongeza kina, unapunguza, unazima. Wengi walizima, na mwaka 2013 Nintendo ikatoa 2DS, mashine ileile bila 3D. Michezo ndiyo iliyouza. Kina kilikuwa cha ziada, na asiyekitaka hakuadhibiwa.

Upande wa sinema, mapato ya 3D Marekani na Kanada yalishuka hadi karibu dola bilioni 1.3 mwaka 2017. RealD iliondolewa kwenye soko la hisa mwaka 2016 kwa dola 11 kwa hisa. Ila Desemba 2022 Cameron alirudi na Avatar: The Way of Water, ikakusanya takriban dola bilioni 2.3, na katika ufunguzi wake Marekani zaidi ya nusu ya mapato yalitoka kwenye tiketi za 3D. Filamu iliyogeuzwa kwa haraka ilipoteza wateja, na iliyotengenezwa kwa ajili ya kina ikawarudisha, miaka 13 baadaye, wakiwa na miwani ileile ya plastiki. Jambo lingine lisilosemwa sana: hamu ya 3D ndiyo iliyowasukuma wenye majumba ya sinema kununua projekta za kidijitali haraka. Projekta hizo bado zinafanya kazi hata kwenye filamu zisizo na kina.

Soko la sasa, kwa kipimo cha kisa hiki

Swali la kwanza la kuuliza mtu akikuletea makadirio ya “soko la 3D” ni nini kimehesabiwa. Mara nyingi ndani ya kapu moja kuna katuni za kompyuta, michezo ya video, filamu za miwani na vifaa vya kuvaa kichwani. Katuni ya kompyuta huundwa kwa umbo la pande tatu lakini hutazamwa bapa, na mchezo wa video pia. Soko hilo ni kubwa na halihitaji kutabiriwa, lipo. Ukilichanganya na picha zenye kina cha macho mawili, unapata namba nono isiyosema lolote kuhusu hicho cha pili.

Kwenye hicho cha pili, kifaa cha kuvaa kichwani kinatatua mengi yaliyoiua televisheni. Kila jicho lina skrini yake, hivyo hakuna jicho linalozibwa kwa zamu na picha hazivujiani. Mvaaji tayari ameamua kutoa akili nzima, na anayemkuta hashangai kuona kivuli kwa sababu haoni kitu. Apple Vision Pro ilitoka Februari 2024 kwa dola 3,499 ikiwa na filamu za 3D tangu siku ya kwanza, na kabla ya hapo iPhone 15 Pro ilikuwa imeanza kurekodi video zenye kina, jambo ninaloliona kubwa kuliko bei ya kifaa: mtu anaweza kujitengenezea cha kutazama kwa simu yake bila kusubiri studio imfungulie kabati. Desemba 2024 kampuni ya Cameron, Lightstorm, ilitangaza ushirikiano na Meta, wenye Facebook, wa kutengeneza maudhui ya aina hii.

Upande wa pili wa daftari unatisha. Kitengo cha Meta kinachoshughulikia vifaa hivi kilipata hasara ya dola bilioni 17.7 mwaka 2024 peke yake. Mvutano wa lenzi na mgeuko wa macho bado upo, uzito umehama kutoka puani kwenda shingoni, na kifaa ni cha mtu mmoja. Ningekadiria ukuaji wa polepole wenye vilele: filamu moja kubwa kila baada ya miaka kadhaa, michezo, mafunzo ya kazi, kumbukumbu za familia. Kaya nzima kuhamia huko sikuoni.

Zipo pia skrini zinazoonyesha kina bila miwani kwa kufuata macho ya mtazamaji. Samsung, baada ya kuiacha 3D mwaka 2016, ilirudi mwaka 2025 na Odyssey 3D, skrini ya kompyuta ya inchi 27 kwa wachezaji wa michezo. Kamera juu ya skrini inatafuta macho yako na kuelekeza kila picha panapostahili. Ukiwa umeketi peke yako mbele yake, inapendeza kweli. Mtu mwingine akija kusimama nyuma ya bega lako aone unachoona, kamera imeshachagua macho yako, na yeye anaona kivuli pembeni ya kila kitu.